Chombo Ndani ya Chombo: Kikombe cha Exekias na Pomboo Saba

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvitenga. Chombo ni kile kinachotiwa kinywaji, na chombo ni kile kinachokata maji baharini. Asemaye kwamba chombo kimejaa huwaachia wasikilizaji wake kazi ya kupima kama kilichojaa ni bakuli au ni jahazi. Wayunani wa kale nao walikuwa na mazoea kama hayo: kwao akatos lilikuwa jina la mashua nyepesi na pia jina la kikombe, na kantharos vivyo hivyo. Basi Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, alipochora jahazi katikati ya kikombe baina ya miaka 540 na 530 K.K., hakukipamba chombo hicho kwa picha ya kigeni. Alitia chombo ndani ya chombo, na fumbo lote la kazi yake huanzia hapo.

Kikombe hicho leo kimehifadhiwa Munich, Ujerumani, katika jumba la vitu vya kale liitwalo Staatliche Antikensammlungen. Ni cha aina ijulikanayo kwa jina la kylix: bakuli pana lenye kina kifupi, lenye upana wa kiasi cha sentimita 30, vishikio viwili ubavuni, na mguu mfupi ulionenepa. Ukingoni mwa mguu huo mna maandishi yasemayo kwamba Exekias ndiye aliyekifanya. Katika kazi nyingine, kama ule mtungi wake mashuhuri uliopo Vatikani unaowaonyesha Achilles na Ajax wakicheza mchezo wa ubao, aliandika kwamba alichora na pia akafanya. Hapa ametaja ufinyanzi pekee, lakini wataalamu hawaoni shaka kwamba mkono uliochora ni wake pia. Mchoro wenyewe umetosha kuwa sahihi.

Ndani ya bakuli mna jahazi moja. Mlingoti umesimama katikati, tanga limeshiba upepo, na makasia mawili ya usukani yamening'inia kwenye tezi. Ndani ya jahazi amejilaza mtu mmoja tu, naye ni Dionysos, mungu wa mvinyo katika dini ya Wayunani, mwenye ndevu na taji la majani kichwani. Umbo lake ni kubwa mno kwa kipimo cha jahazi. Laiti angesimama, kichwa kingekaribia foromali. Kutoka mlingotini mzabibu umepanda na kutandaza matawi yake juu ya tanga, nayo yamebeba vichala saba vikubwa vya zabibu. Pembeni na chini ya jahazi wanaogelea pomboo saba. Hakuna wimbi, hakuna pwani, hakuna mstari wa kutenga maji na anga. Hakuna baharia.

Mpenzi wa ushairi atakuwa amekwisha kuliona jambo lililomo katika hesabu hiyo. Saba kwa saba, vichala na pomboo, ni kama vina vya kati na vina vya mwisho katika ubeti. Vichala vimekaa upande wa mbingu, pomboo wamekaa upande wa bahari, na jahazi limepita katikati. Hata hivyo Exekias hakuvipanga kama askari kwenye gwaride. Matawi yamepinda kila moja kwa namna yake, na pomboo kila mmoja ana mwendo wake. Mizani imetimia lakini haina ugumu. Wapo watungaji wengi ambao huhesabu silabi zao barabara na wakaishia na beti zisizopumua. Kikombe hiki ni somo kwao, kwani hesabu yake haijulikani mpaka mtazamaji aanze kuhesabu.

Ufundi wa kazi hiyo wahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndio unaobeba maana yake. Wafinyanzi wa Athens hawakutumia rangi nyeusi kwa maana ya kawaida. Walichukua uji laini wa udongo ule ule, wakachorea, kisha wakaiachia tanuri ifanye kazi. Kwanza tanuri ilipewa hewa, na chombo chote kikawa chekundu; halafu ilinyimwa hewa, na chombo chote kikageuka cheusi; mwishoni ilipewa hewa tena, na sehemu zisizopakwa uji zikarudi kwenye wekundu wake, huku zilizopakwa zikibaki nyeusi na kung'aa. Siri hiyo ilipotea kwa karne nyingi, na aliyeifumbua ni Mjerumani Theodor Schumann mnamo mwaka 1942. Ndevu, majani na mikunjo ya nguo vilichongwa kwa ncha kali kabla ya kuchomwa, mstari mmoja baada ya mwingine, bila nafasi ya kufuta.

Exekias aliongeza jambo ambalo kabla yake lilikuwa nadra sana. Uwanja wote wa ndani aliupaka wekundu wa marijani, mzito na unaong'aa kuliko udongo wa kawaida. Kwa hiyo jahazi halielei juu ya maji yaliyochorwa. Linaelea juu ya wekundu mtupu, na wekundu huo ni anga na bahari kwa wakati mmoja. Kisha kikombe kilipotiwa mvinyo, mvinyo wenyewe ulikuwa bahari. Homer ana desturi ya kuisifu bahari kwa kuifananisha na mvinyo. Exekias aliigeuza sifa hiyo ikawa kitendo. Mnywaji aliyepewa kikombe kilichojaa hakuona picha yoyote. Alipokunywa, bahari ilipungua, na pole pole tanga likajitokeza, kisha mungu, kisha pomboo. Picha ilifunuliwa kwa mdomo wake mwenyewe.

Msomaji wa pwani ambaye dini yake imemharamishia kileo hapati kizuizi katika kulifahamu hilo. Ushairi wa masufi, ambao umefika katika visiwa hivi pamoja na elimu na kasida, umeitumia taswira ya kinywaji kwa karne nyingi pasipo kumwalika mtu baani. Taswira husimama kwa nguvu zake. Linalopasa kuulizwa ni nini kimefichwa chini ya kinywaji hicho.

Kilichofichwa ni kisa. Katika utenzi mfupi wa kale wa kumsifu Dionysos, unaohesabiwa miongoni mwa tenzi zinazonasibishwa na Homer, maharamia wa Tirrhenia wanamwona kijana mzuri amesimama ufukweni. Wanamdhania mwana wa mfalme, wanamteka, wanamtia chomboni wakitumai fidia. Kamba wanazomfungia zinaanguka zenyewe. Mshika usukani anatambua kwamba huyu si mtu wa kawaida na anawasihi wenziwe wamwachie. Nahodha anamkemea na kuamuru tanga lipandishwe. Ndipo mvinyo unapotiririka ndani ya jahazi, mzabibu unatambaa juu ya tanga, na mateka anageuka simba. Nahodha anakamatwa na simba huyo. Mabaharia wanajirusha baharini kwa hofu na kugeuka pomboo. Mshika usukani pekee anaachwa salama, kwa sababu ndiye pekee aliyeona haki na kuisema.

Ukikitazama kikombe baada ya kukijua kisa hicho, utulivu wake hubadilika. Pomboo saba waliokuwa pambo la furaha huwa watu saba. Mzabibu uliokuwa kivuli cha mapumziko huwa silaha. Mtu aliyewahi kuwaona pomboo wakilitangulia jahazi, Kizimkazi au kwingineko, amezoea kuwahesabu katika heri ya safari. Exekias amemwachia heri hiyo na kuitia hukumu ndani yake. Na bahari hii ya huku, iliyobeba mateka wengi ambao hakuna mungu aliyewakata kamba zao, haimruhusu msomaji wake kukiona kisa cha kijana aliyetekwa ufukweni kuwa ni hekaya ya kuchekesha.

Thamani ya uficho huo inaonekana vizuri zaidi kikombe kinapowekwa kando ya kazi nyingine. Kuna mtungi wa maji wa Waetruski, watu wa Italia ya kale, uliochorwa kiasi cha miaka 510 hadi 500 K.K. Ulinunuliwa na Toledo Museum of Art, Marekani, mwaka 1982, na mwaka 2012 ilikubaliwa urudishwe Italia baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba uliondolewa huko kinyume cha sheria. Mchoraji wake amechukua kisa hicho hicho na kukionyesha katika nukta ya mageuzi: watu wanajirusha kichwa mbele, miili yao nusu binadamu nusu pomboo. Ni kazi ya kusisimua, na kitisho chake kinafika mara moja. Lakini kitisho hicho kikishafika kimekwisha. Mtazamaji ameelezwa kila kitu na hana la kuongeza.

Exekias amechagua wakati wa baadaye, pale ambapo kelele zimekwisha na bahari imefunga mdomo. Hakuchora mageuzi; alichora matokeo, na akamwachia mtazamaji ayatafute mageuzi katika kumbukumbu yake. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tofauti ya kazi hizi mbili ni tofauti ya hadithi na fumbo, na wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa ni ipi kati ya hizo hukaa muda mrefu zaidi moyoni.

Wapo wahakiki wasioukubali usomaji huu. Hoja yao ni kwamba kikombeni hamna haramia hata mmoja, hamna simba, hamna kamba, na kwamba Dionysos alikuwa pia mungu wa kuwasili, aliyedhaniwa kuja kutoka baharini na kuletwa mjini Athens katika maandamano, akiwa amepanda jahazi lililowekwa juu ya magurudumu. Kwa maoni yao pomboo ni pomboo tu, na picha ni ya baraka inayokuja. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, na pengine haina haja ya kupingwa. Fumbo zuri hubeba maana mbili bila moja kuiua nyingine. Lakini mzabibu uliopanda mlingotini ni ishara mahsusi mno. Haumo katika kuwasili kwa kawaida, umo katika kisa. Anayetaka kuiona baraka peke yake hana budi aufumbie macho mmea ulioota mahali ambapo mmea hauoti.

Upande wa nje unaipa nguvu hoja hii. Huko yamechorwa macho makubwa, jozi moja kila upande. Wanywaji wa Athens walinywa wakiwa wamejilaza juu ya vitanda, wameegemea kiwiko cha kushoto, katika karamu za wanaume. Mnywaji alipokiinua kikombe ili amalize tone la mwisho, wenziwe waliacha kuuona uso wake na badala yake wakaona uso mwingine: macho yale makubwa, vishikio vikiwa masikio, na kitako cha mguu kikiwa kama mdomo uliofunguka. Kwa pumzi mbili au tatu mtu yule hakuwa yeye tena. Amegeuka. Jambo ambalo Exekias alikataa kulichora ndani, yaani mageuzi, amelitendesha nje kwa mwili wa mnywaji mwenyewe. Na katika pumzi hizo hizo, macho halisi ya mnywaji yalikuwa ndani ya bakuli, yanamtazama mungu aliyejilaza kama alivyojilaza yeye.

Kando ya vishikio, chini kidogo ya vidole vya mwenye kushika, wapiganaji wenye ngao na mikuki wanagombania maiti. Kwenye kishikio kimoja marehemu angali na silaha zake. Kwenye cha pili amekwisha kuvuliwa, yu uchi. Michoro hii ni midogo na watazamaji wengi huipita haraka kuelekea kwenye jahazi. Ni kosa. Exekias ameweka kifo mahali ambapo mkono hauwezi kukikwepa. Hakuna aliyeweza kukishika kikombe hiki kwa vishikio vyake bila kuwa karibu na maiti, wala hakuna aliyefika kwenye amani ya ndani bila kwanza kuvishika.

Hapo ndipo penye swali zito zaidi la kikombe hiki, nalo ni la mtu asiyekuwemo. Mshika usukani, yule mwadilifu mmoja aliyewaonya wenziwe na kuokolewa, hayumo jahazini. Exekias amemchora mungu, amewachora walioadhibiwa, na amemwacha aliyestahili kutajwa. Mhakiki mkali anaweza kuihesabu hiyo kuwa dosari kubwa: utulivu wa picha umenunuliwa kwa kumfuta mtu pekee aliyeufanya utu uwepo katika kisa. Nguvu ya mungu imebaki, adhabu imebaki, na ushuhuda wa haki umetoweka. Kama mchoro ungekuwa karatasini au ukutani, lawama hiyo ingesimama na isingekuwa rahisi kuijibu.

Lakini mchoro huu haupo ukutani. Upo katika chombo kinachoshikwa. Makasia ya usukani yamechorwa wazi, mawili, na hakuna mkono juu yake. Mikono pekee iliyopo ni ile miwili iliyoshika vishikio kutoka nje. Ikitetemeka, jahazi linayumba; ikitulia, jahazi linatulia. Mithali husema chombo cha kuzama hakina usukani. Chombo cha Exekias kina usukani, ila hakina mshikaji, na nafasi hiyo amewekewa kila mtu anayekiinua. Mnywaji anaulizwa, kwa kadiri kinywaji kinavyozidi kumwingia, kama angali na akili ya yule mmoja aliyetambua au ameshajiunga na wale saba.

Wayunani wenyewe waliijua hatari hiyo. Athenaios amehifadhi kisa, alichokitoa kwa mwanahistoria Timaios, cha vijana wa mji wa Akragas, Sicily, walionywa hata wakadhani nyumba waliyomo ni merikebu iliyopatwa na dhoruba. Wakaanza kutupa vitanda na vyombo nje ili kuupunguza mzigo, na wakuu wa mji walipofika wakapokewa kama miungu ya bahari. Tangu hapo nyumba ile ikaitwa merikebu. Kisa hicho kinachekesha, lakini ni kile kile cha kikombeni kilichogeuzwa: watu waliodhani wamo chomboni, kumbe chombo ndicho kilichokuwa kimewaingia.

Kikombe hiki kilipatikana Vulci, mji wa Waetruski, katika nchi ambayo makaburi yake yametoa vyombo vya Athens kwa wingi, hasa tangu uchimbaji ulioshika kasi mwaka 1828. Waetruski walivinunua vyombo hivyo kwa hamu, wakavitumia na wakazikwa navyo. Watu wa pwani hii watalifahamu jambo hilo bila shida, kwani wazee wao nao walichukua bakuli za China zilizovuka bahari na kuzipachika katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi. Chombo kikifika mbali huacha kuwa cha mfinyanzi wake. Huwa cha waliokihifadhi.

Lakini katika safari ya kikombe hiki kuna uchungu wa pekee. Jina ambalo Wayunani waliwapa Waetruski ni Watirrheni, jina lile lile la maharamia wa utenzi. Hivyo kikombe kilichomwonyesha mungu wa Wayunani akiwa amewashinda Watirrheni kilikwenda kuishi na kuzikwa miongoni mwa Watirrheni wenyewe. Je, walikisoma kisa na kujiona humo majini? Au waliona karamu, zabibu na safari njema? Ule mtungi wao wa nusu watu nusu pomboo unathibitisha kwamba miaka michache baadaye kisa kilikuwa kinajulikana Italia na mafundi wa huko walikichora kwa mkono wao. Basi haifai kuwadhania ujinga. Yamkini walilijua fumbo na bado wakalipenda, kama mtu anavyoweza kulihifadhi shairi linalomsema kwa sababu tu limesemwa vizuri.

Hapo ndipo ushindi wa Exekias ulipo, na ndipo penye funzo kwa wanaotunga. Hakumtukana adui, hakuipigia kelele adhabu, hakuandika funzo ukingoni. Alichora jahazi linalokwenda joshi chini ya zabibu zilizoiva, akaweka maiti chini ya vidole na macho mgongoni, akaacha usukani wazi. Kazi ya namna hiyo inaweza kupokewa na aliyeshinda na aliyeshindwa, kila mmoja kwa kiu yake. Kinachobaki baada ya miaka zaidi ya 2500, mvinyo ukiwa umekauka zamani na wanywaji wote wamesahauliwa majina, ni chombo kitupu chenye jahazi ndani yake, na pomboo saba wanaolizunguka pasipo kulifikia.